Gunia Lililoandikwa Mpera

Mwaka wa tisini na sita, hakuna aliyebanika samaki aina ya mbuta mjini Sindo kumshinda Mellen, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukwambia. Alikuwa Mkuria aliyeolewa huko, ufuoni mwa Ziwa Victoria, mwenye macho mekundu ya moshi na mdomo usiomheshimu mtu.

Kuni za mpera zilipoadimika, Osman mwenye duka la vifaa alimwonyesha gunia la vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa, vya kuchoma badala ya kuni.

"Hii si chakula ya kuku?" Mellen akauliza.

"Mama, soma hapa. MPERA."

Kweli, herufi zilikuwa kubwa kama za bango la siasa. Akabeba.

Jumamosi hiyo kanisa lilimngojea askofu, na samaki wa wageni waliagizwa kwake. Tanuri likatoa moshi mweusi, lakini Mellen akajiambia vitu vya kisasa vina tabia zao. Askofu akamega pande la kwanza mbele ya waumini. Akatafuna. Akafumba macho. Machozi yakamtiririka.

"Roho ameshuka!" akapaza sauti Dishon, mzee wa kanisa, na akina mama wakaanza pambio.

Mellen akaonja. Ilikuwa kama kulamba mlango uliopakwa vanishi. Akamfuata askofu hadi garini.

"Baba Askofu, ile haikuwa Roho. Ilikuwa kuni mbaya."

"Najua, mama. Lakini usiwaambie. Hawajawahi kuniimbia hivyo."

Jumatatu Mellen akatua dukani kwa Osman na kipande cha mbuta kwenye gazeti.

"Kula."

Osman akauma, akakimbilia nje kutema. "Wallahi, mimi nilisoma juu tu!"

Wakaligeuza gunia. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: Ladha ya mpera. Mbao mchanganyiko, paini na nyinginezo.

"Kumbe mpera ilipita tu ikasalimia," Mellen akasema. Paini ina utomvu; watu hujengea choo, hawabanikii samaki.

Akamfundisha papo hapo: maandishi makubwa ni ya kuuza, soma nyuma ujue ni mbao gani na kiasi gani. Pasipoandikwa kiasi, choma konzi moja unuse.

Osman akayarudisha magunia Kisumu alikoyanunua. Yaliyofuata yaliandikwa mpera mtupu, bila mafuta ya ladha. Mellen hakuamini. Akachoma, akanusa, akabanika samaki mmoja akamla mwenyewe. Alikuwa mtamu. Mellen akakasirika kidogo, maana matusi ya kumpa Osman alikuwa ameshayaandaa.