Mchanga wa Klabu ya Gofu

Nilikichukia kile kiwanja cha gofu tangu siku ya kwanza, na sijaacha mpaka leo. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua la Lilongwe linakausha hata mate mdomoni, na majani ya wanachama wa klabu yananyweshwa maji asubuhi na jioni. Sisi wakimbizi kule kambi ya Dzaleka tulipanga ndoo tangu alfajiri kungojea zamu ya pampu. Kazi yangu ilikuwa kufyeka, na kusawazisha kwa reki mashimo ya mchanga ambayo klabu imeyachimba makusudi ili mipira inase humo. Watu wazima wanajichimbia balaa, kisha wakinasa wanamtukana mwenye reki.

Kwetu Kindu, kabla ya kukimbia, nilikuwa nikishona na kuuza vitenge, reki sikuwahi kuigusa. Lakini mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kambi yetu ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi. Chumba tulichopewa kilikuwa seli, kidirisha kiko juu kabisa, na tuligawana na mume na mke kutoka Rwanda, katikati pazia. Mimi nilikuwa ninalala mjini, na kila nilipokwenda kumwona aliniambia maneno yale yale, buloko akimaanisha gereza: "Mi sitazalia mu buloko. Tafuta kwenye utanipeleka."

Ili aje kuishi nami mjini, ofisi ya kambi ilitaka barua ya mwajiri, yenye muhuri. Katibu wa klabu aliniahidi barua hiyo nikimaliza miezi mitatu bila kosa. Basi nilivumilia. Niliitikia "zikomo, bwana", yaani asante, kwa watu ambao hawakunitazama usoni hata mara moja.

Shida ilikuwa maji ya udhu. Mabomba ya kunyweshea yalifungwa kwa ufunguo, na ufunguo alikuwa nao kapita, msimamizi wetu, Mmalawi aliyewahi kufanya kazi Mbeya na akarudi na Kiswahili chake. Bomba la karibu na baa lilikuwa la wanachama. Nililijaribu mara moja tu, mhudumu wa baa akanifukuza na taulo kama anafukuza kuku. Chupa niliyotoka nayo nyumbani ilikuwa ya kunywa, na kwa jua lile haikufika saa sita. Ikiingia adhuhuri sina hata tone.

Mtoto yeyote aliyepita chuo cha Kurani kwetu anajua la kufanya maji yakikosekana: unatayamamu. Unapiga viganja kwenye udongo safi, unapuliza vumbi, unapaka uso, kisha mikono. Na pale ndani ya shimo lao kulikuwa na mchanga mweupe ulioletwa kwa lori kutoka ziwani, haujakanyagwa na mbuzi wala kutemewa mate. Mchanga safi kuliko ule sikuuona Malawi nzima. Nilikuwa ninaingia shimoni, ninatayamamu, ninafuta alama zangu kwa reki, kisha ninakwenda kusali nyuma ya miti juu ya shati langu. Wiki nane nilifanya hivyo na hakuna aliyejua.

Siku moja, nikiwa nimeinama mle ndani, nikamwona mwanachama mmoja amesimama juu ya ukingo. Mzee mwenye soksi nyeupe hadi magotini, uso mwekundu kwa jua na bia. Alikuwa ameniona nikipiga mchanga na kujipaka. Akarudi nyuma, akapiga mpira wake, na mpira ukaja kuzama palepale nilipotoka. Alipiga mara nne hautoki. Mara ya tano akautupa ule mkongojo wake wa chuma na kuanza kupiga kelele kwamba mimi ni mchawi, nimemtilia dawa shimoni.

Laiti ningecheka. Nilimwokotea mkongojo wake.

Alasiri kapita alinipeleka ofisini kwa katibu, akasimama kati yetu kutafsiri. Katibu alikuwa na barua yangu mezani. Niliitambua kwa jina langu lililopigwa taipu juu, na muhuri ulikuwa umekwishagongwa. Miezi mitatu ilikuwa inatimia wiki ile.

"Mweleze," nilimwambia kapita, "ile ni tayamamu. Ni sehemu ya swala. Sikuwa na maji."

Kapita alieleza, na nadhani alieleza vizuri, maana katibu aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akasema, na kapita akanigeuzia: "Bwana anasema, kama ni uchawi, unaondoka leo. Kama ni dini, lazima kamati ikae, na kamati inakaa mwezi ujao. Lakini kama ulikuwa unacheza tu na mchanga, hilo ni kosa la mjinga. Unaomba radhi, unatia sahihi hapa, unachukua barua yako."

"Mwezi ujao mke wangu atakuwa amezaa."

"Basi cheza, ndugu yangu," akasema kapita kwa sauti ya chini. "Nani atajua?"

Yule mwenye soksi aliitwa asikie mwenyewe. Nikasimama mbele ya watu ambao wanalipa ili wafukuze mpira mchana kutwa, mwanamume mwenye ndevu na mke mjamzito, nikasema kwamba nilikuwa ninacheza mchanga. Wakacheka wote wawili, yeye na katibu. Nilitia sahihi. Niliwachukia kwa chuki ambayo sikujua ninayo, na nilikunja ile barua kwa uangalifu nisiuharibu muhuri.

Kesho yake nilipanda matola, pikapu ya mizigo na abiria, nikakaa juu ya magunia ya mahindi hadi Dzaleka. Mke wangu aliigusa barua kwa vidole, akafurahi, akaanza kufunga vyombo. Ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini nilitaka awachukie pamoja na mimi. Nikamweleza yote.

Akaacha kufunga.

"Balikuuliza, na we ukasema nini?"

"Nilisema nilikuwa nacheza."

"Usali ni muchezo?"

"Nilifanya juu yako. Juu ya mutoto."

"Usiweke ile juu ya mutoto." Alikaa juu ya furushi, mkono mgongoni. "Mi nitaenda na we, kwa sababu mi sizalii hapa. Lakini nyuma yako sitasali tena."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Tulipanga chumba mjini, mtaa wa Kawale, kwa mzee mmoja Myao, mtu wa msikitini, na bomba lilikuwa uani, maji tele. Adhuhuri ya kwanza nilitandika mkeka, nikangoja asimame nyuma yangu kama alivyosimama tangu tuoane. Aliketi kitandani akanitazama mpaka nikatoa salamu. Kisha akainuka, akasali peke yake. Ikawa hivyo kila siku, na kila asubuhi nilirudi kuwasawazishia wale watu mchanga wao.

Mtoto alizaliwa hospitali ya mjini, mchana kweupe, wa kiume. Mwenye nyumba alikuja nami kumwona mzazi. Kwetu baba ndiye anayemwadhinia mwanawe sikioni, ili neno la kwanza alisikie kwake. Nilikuwa nimekwishatawadha. Nilinyoosha mikono.

Mke wangu alinipita kwa macho, akamkabidhi mwenye nyumba mtoto.

"Baba," akamwambia yule mzee, "mwadhinie we. Huyu anacheza."

Mzee alinitazama, akangoja niseme neno. Nilishusha mikono. Akainamisha kichwa kwenye sikio la mwanangu, akaanza.