Tumbo Lilipomgeuka Mzee Muigai

Mwaka ule wa njaa na unga wa manjano, wapangaji wa ploti ya Mzee Muigai pale Kawangware waliruhusiwa kupika chochote isipokuwa samaki. Sheria yenyewe haikuandikwa popote. Muigai aliitangaza kwa kila mpangaji mpya kabla hajashusha godoro. Baba yake hakula samaki, babu yake hakula samaki, na kwa macho yake yeye, kiumbe kisicho na miguu kinachokwenda kwa kujipindapinda ni nyoka tu, hata kikiishi majini.

Filister, mama kutoka upande wa ziwa aliyeuza mitumba soko la Toi, aliifuata sheria hiyo kadiri alivyoweza, yaani si sana. Jumapili moja Muigai alirudi kutoka kanisani pamoja na Kiragu, mzee mwenzake wa kanisa, na harufu ikawapokea getini kama mwenye nyumba. Kiragu akajiziba pua kwa kitabu cha nyimbo. Muigai aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Filister! Hii ploti si ziwa!" alifoka. "Mwisho wa mwezi utoe vitu zako!"

"Lakini mzee, ni kasamaki kadogo tu."

"Hata nyoka kadogo ni nyoka!"

Kiragu alicheka, na Muigai akaingia kwake kifua mbele. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini Muigai hakuwa na mpango wa kuzaa.

Wiki hiyohiyo homa ikamwangusha. Pua iliziba kabisa, ulimi ukawa kama kipande cha gunia. Githeri ya mahindi na maharagwe aliisukuma, uji akaugeuzia mgongo. Mkewe, Wagaki, aliogopa kweli. Alijificha nyuma ya nyumba akalia. Kisha akajifuta macho kwa leso, akachukua bakuli, akaenda kubisha mlango wa mtu mmoja tu aliyejulikana ploti nzima kwa supu ya wagonjwa. Filister angeweza kumfungia mlango, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alijaza bakuli supu ya ngege, samaki wa kwao ziwani, akachambua miiba yote, akasema, "Asikie tu joto. Usimwambie."

Muigai alikunywa. Pua haikunusa, ulimi haukuonja. Tumbo, hata hivyo, halihitaji pua wala ulimi ili kumtambua mgeni mwema. Lilimpokea, likamkagua taratibu, likatuma habari kichwani: huyu aliyeingia ni wa maana, aje tena. Kichwa kikauliza anaitwa nani. Tumbo likajibu kwamba majina si kazi yake.

Akapona, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Mzee alikuwa na hamu, tena hamu kali, ya kitu asichokijua.

"Wagaki, nipe ile supu."

Akapikiwa kuku. Akaonja, akatikisa kichwa. Akapikiwa kichwa cha mbuzi. Si chenyewe. Alikwenda Dagoretti akala nyama choma hadi mkanda ukamlilia, lakini alipofika nyumbani alijikuta bado ana njaa, ile njaa ya mtu aliyesahau kitu mahali.

"Ile supu ilikuwa ya nini?" aliuliza mwishowe.

"Ya kukuponya," alijibu Wagaki, na ghafla akakumbuka kuku wake hawajapewa maji.

Mwisho wa mwezi ukafika. Filister alikuwa amezunguka Kibera yote akitafuta chumba, na mahali pekee alipopata palikuwa pembeni mwa mtaro, paa lake likionyesha mawingu. Alikuwa amelia usiku, macho yalisema hivyo. Hata hivyo, majirani waliokuja kumsaidia kupakia hakuweza kuwaacha na njaa, kwa hiyo akabandika sufuria ya mwisho, sheria iwepo isiwepo.

Muigai alitoka na kufuli mkononi, tayari kufunga chumba. Alipofika mlangoni, mvuke ukampiga usoni. Pua sasa ilikuwa nzima. Kichwa kikasema: nyoka. Tumbo likasema: ndiye huyu! Likasema kwa sauti, mngurumo mrefu ambao wapangaji wote waliusikia, na mmoja akatazama juu kuona kama mvua inakuja.

"Hiyo ni nini?" Muigai aliuliza, sauti imepungua.

"Si ni ile ile supu ya ngege, mzee," alisema Filister, akidhani mambo yalishajulikana. "Ile ulikunywa ukiwa mgonjwa."

Muigai alimtazama Wagaki. Wagaki alitazama viatu vyake. Mzee alifikiria baba yake, babu yake, na kitabu cha nyimbo cha Kiragu. Aliwafikiria kwa dhati. Lakini miguu ilikuwa imeshaingia ndani, na makalio yalishapata kigoda.

Filister alimwekea sahani ya ugali wa manjano na ngege mzima.

Muigai alikula kama mtu anayevuka mto kwa mara ya kwanza, mwiba mmoja mmoja. Nje, Khamala, mwenye mkokoteni uliokodiwa kuhamisha vitu, akachoka kusubiri.

"Mzee, tupakie ama tushushe?"

Mdomo ulikuwa umejaa na miiba ilikuwa mingi, kusema hakuweza. Akainua mkono wenye kufuli, akaonyesha chini. Chini kabisa.

Filister akatoka nje, akaketi kwenye godoro lililokunjwa, akafunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika, na wala haikujulikana kama ni kicheko au ni kilio. Godoro likarudishwa ndani yeye akiwa bado juu yake.

Wagaki naye alivuta sufuria karibu. Alimshika ngege mkiani, akapitisha kidole gumba mgongoni, na mfupa wote ukatoka kwa mkupuo mmoja, safi, bila yeye kutazama. Muigai aliacha kutafuna. Mkono ule haukujifunza jana.

"Wagaki," alisema polepole, "wewe ulianza lini?"

"Kula kwanza, Baba Nduta," alisema Wagaki. "Samaki hataki maneno mengi."