Libwe la Kushushia Mizigo

Nilipokuwa mtoto, Katuba nzima, mtaa wetu wa Lubumbashi, haikuwa na msukumaji wa kinga wa kunishinda. Kinga ni baiskeli, lakini ikishapakiwa makala, yaani mkaa, si baiskeli tena, ni nyumba inayotembea: magunia matatu, kamba za mpira, na breki ni kisigino cha mwenyewe. Yaya, kaka yangu mkubwa, alishika usukani. Mimi nilisukuma nyuma kwa kichwa. Kipara hiki mnachokicheka kilianzia hapo.

Barabara ya kutoka mashambani kule Annexe ilipanda mpaka kwenye jiwe la Wazungu, kisha ikatelemka ghafla. Jiwe lilikuwa na kibao cha shaba, Kifaransa kitupu: hapa lilipita jeshi likienda kupigana na Wadachi. Majina ya makamanda yaliandikwa, hata la yule aliyekufa kwa homa. La mpagazi, hata moja. Na baba yake nkambo, bibi yetu, alipita hapo na kasha la risasi kichwani, hakurudi.

Ndiyo maana nkambo alituwekea sheria.

"Mukifika pa ile libwe, mushushe muzigo. Museme 'tushushe'. Bale bapagazi, hakuna muntu alibaambiaka bapumuzike. Ukipita na muzigo yako, batakupatia na ya kwao."

Tulishusha kila safari, ingawa kinga ya makala ukishailaza, kuisimamisha ni kazi ya wanaume watatu, au ya yaya na mimi. Siku hiyo mawingu yalikuwa meusi, na makala yakilowa hakuna mama anayeyanunua. Yaya hakusimama.

"Yaya, tushushe!"

"Bafu habapikake bukari! Makala batafanya nayo nini?" Wafu hawasongi ugali, ndiyo hoja yake. Akalipigia jiwe saluti ya kijeshi, akicheka. "Achilia, mutoto!"

Niliachilia, mtelemko hauhitaji msukumaji. Nikamwona akikaza kisigino, kisha kamba ya gunia la juu ikakatika. Gunia lilimwinamia kichwani kama mtu anayetaka kumnong'oneza, halafu vyote vikaanguka pamoja. Mimi huongeza chumvi kila ninaposimulia. Hapo siongezi.

Mgongo wa yaya ulivunjika. Alilala karibu msimu mzima wa mvua, juu yake shuka jepesi tu, na kila aliyeingia, yaya alimwambia: "Nisaidie kushusha." Nkambo alikuwa anainama, anainua kitu kizito tusichokiona kutoka kifuani mwa yaya, anakiweka sakafuni. Yaya anapumua kidogo. Kisha anaomba tena. Kabla mvua hazijakatika, akafa.

Leo nina kamioneti yangu, lori dogo, na hakuna dereva Lubumbashi wa kunishinda. Kibao kimeng'olewa, vijana wamekiuza kwa kilo. Majina ya makamanda labda sasa ni sufuria. Jiwe limebaki na matundu manne. Wasomi wananiambia nkambo alikuwa mjanja tu: mwenye kushusha kabla ya mtelemko hukagua kamba zake. Huenda. Hata mimi nilishalisema hilo, kwenye bia, kama langu.

Lakini nikifika pale nazima injini, nashusha gunia moja chini, abiria wakinuna, na nasema neno lile kwa sauti. Si kwa ajili ya kamba. Yaya naye yumo sasa katika msafara ule wa wapagazi, na nkambo hayupo tena wa kumwambia apumzike.