Ati mimi ni tajiri wa maji

Leo nimeambiwa mimi ni tajiri. Kwa ofisi ya maji hapa Kitale, mbele ya watu.

Nyinyi mnanijua. Mimi ndiye wa kwanza kuvuta mfereji mtaani kwetu, wengine wote wakichota mtoni. Siku hizi majirani wanachota kwangu na bili tunachanga pamoja.

Sasa bili imekuja imepanda vibaya. Nikaenda mwenyewe. Mimi situmangi mtu.

Msichana wa kaunta akasema, "Mzee, bei ya chini ni ya maskini, wenye hutumia maji kidogo. Ukitumia mengi, bei inapanda. Wewe ni tajiri wa maji, unatumia kama hoteli."

Nikamwambia, "Madam, hiyo hoteli ni nyumba nane za wajane na vibarua. Mita ndio moja."

"Basi kila nyumba iweke mita yake."

"Na pesa ya mita utawapea wewe?"

Akasogea karibu. Halafu akaniambia polepole, "Si uwafungie tu mfereji, mzee. Utarudi kwa bei ya maskini."

Yaani ninyime maskini maji ndio na mimi nihesabiwe maskini. Bana.

Kufika nyumbani, wamama wamepanga mitungi wananingoja. Mama Nafula akauliza, "Baba, wamesema aje? Tuchote, ama turudi mtoni?"

Nikachukua mtungi wake, nikauweka chini ya mfereji.

Nikamwambia achote.

Mwisho wa mwezi sijui tutalipa na nini, lakini huo mfereji sifungi. Nyinyi wenye mlisoma, niambieni nimekosea wapi.