Mkono Uliotoka Chini ya Sinki

Kama unataka kucheka, cheka sasa, maana nikishaanza sitakungoja. Haya niliyaona mchana, jikoni kwetu hapa Makomeno, bila hata tone la pombe mdomoni. Mama mwenyewe aliniamini, na mama yangu si mtu wa kuamini maneno ya kupambwa.

Nyumba yetu ni ya zamani. Marehemu baba aliipata alipokuwa akifanya kazi ya reli, na mabomba yake yananizidi umri. Mwaka jana bomba la jikoni liligoma. Bafuni maji yalikuja, uani yalikuja, jikoni ni kukohoa tu: hewa, matone ya kutu, basi. Mafundi walikuja, wakagongagonga, wakaenda zao. Mama magoti yamechoka, lakini hakubali kupikiwa na mtu, kwa hiyo kila asubuhi nilimkuta akiburuta kibidoni cha maji kutoka uani, akijifanya hasikii ninavyomkataza.

Nikampigia simu kaka yangu Kyungu, fundi mabomba upande wa Kinsevere. Nikamwambia, maana kaka kwetu ni yaya, "Yaya, kuya dimanche. Bomba ya jikoni inatushinda."

Hapo ndipo nilipokosea. Kyungu ni pacha. Mwenzake, Kabange, alishafariki. Kwetu Waluba mapacha huitwa pamoja na hupewa pamoja, hata kama mmoja yuko kaburini. Ukimwita mmoja, unamtaja na mwingine. Ukimsahau, wazee wanasema, atakuja kumchukua mwenzake. Tena pacha akifa, hakuna kumlilia. Siku ya mazishi ya Kabange tulikatazwa machozi, tukaambiwa tuseme ameenda kutafuta kuni. Nikasema ameenda kutafuta kuni. Tangu siku ile sikuwa nasikia kitu, si furaha, si uchungu. Nilikuwa naamka, nafua, nalala. Labda ndiyo maana jina lake halikunijia kwenye simu.

Jumapili hiyo, baada ya misa, mama alikuwa amejilaza chumbani. Mlango wa nyuma ukasukumwa, viatu vya kazi vikapita mbele yangu, na mtu akajiingiza chini ya sinki mpaka kiunoni.

"Yaya, ata kusalimia?"

Akaanza kupapasa bomba. Nilidhani ana haraka, nikavuta kiti karibu na sanduku la vyombo vya baba.

"Unipe kle," akasema. Kle ndiyo spana, sisi tunaiita hivyo. Sauti ilikuwa ya wale mapacha, ile ambayo hata mama hakuweza kuitofautisha. Mkono ukanyooshwa kutoka chini ya sinki, kiganja juu.

Sasa sikiliza. Kyungu alikatwa kidole cha shahada cha mkono wa kuume na mnyororo wa pikipiki, sisi sote tukishuhudia. Mkono ule ulikuwa wa kuume, na vidole vyake vyote vilikuwepo.

Utaniuliza, hukukimbia? Sikukimbia. Niliweka spana kwenye kiganja kile. Niamini, moyo wangu haukuruka hata kidogo.

"Kyungu iko wapi?" akauliza.

"Iko mu njia," nikajibu.

Neno lilishatoka. Nimemwonyesha Kyungu alipo! Hofu ikanijia, lakini polepole, kutoka mbali.

Spana ikagonga bomba mara moja. Kisha akasema, "Mulimuita yeye tu."

"Nilisahau, yaya. Unisamehe. Usimutwae, mama hataweza."

Bomba likalia, likazunguka, bonge la kutu kubwa kama ngumi likaanguka sakafuni. "Wende ufungule mayi," akasema.

Nilikuwa uani, nimeinamia koki kubwa, simu ilipolia. Ni Kyungu. Pikipiki yake imezimika ghafla.

"Mukono yangu inakufa ganzi," alisema. "Niko nakaa tu pembeni ya barabara, sijue niko na nini."

Nilirudi ndani mbio. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye sinki, meupe, kwa nguvu. Hakukuwa na mtu.

Kyungu alifika jioni, mzima, na mkono umeamka. Nilipowasimulia yeye na mama, Kyungu alikaa chini palepale akamlilia ndugu yake kwa sauti, na hakuna aliyemkataza. Mpaka leo haingii jikoni mwetu. Akija anakaa barazani. Yale maji nayo hayajakatika tena, hata mtaa mzima ukikauka. Majirani wanakuja na bidoni zao, wanatusifu, na mimi nawajazia bila kusema kitu.

Lakini mama hakuuliza habari za bomba, wala za vidole. Aliuliza moja tu.

"Ulimupa chakula?"

"Mama, nilimupa kle."

Akanitazama kama mtu asiyenijua. "Mutoto wangu anatoka mbali vile, anatumika kazi, na unamuacha anaenda na njaa?"

Nilitaka kulia na sikuweza, na mama hajaniuliza tena.

Basi wewe mwenye mapacha kwenu, usidanganywe kwamba haya ni mambo ya zamani. Ukiita, ita wote wawili. Na akija yule usiyemtarajia, mwekee chakula kwanza. Usimwombe msamaha akiwa na njaa.