Shati Lililopasuliwa Mgongoni

Kazi ya Fundi ilikuwa kusimama nyuma ya watu. Katika kampuni ile ya nguo palikuwa na chumba cha juu cha kupigia picha za matangazo, na humo, kwa miaka kumi na tisa, yeye ndiye aliyehakikisha kwamba gauni linamkaa mwanamitindo kana kwamba alizaliwa nalo. Kila asubuhi aliwapima kwa futi kamba, na kwa kuwa wote walikuwa na tabia ya kubana pumzi wakipimwa, neno lake la kwanza kwa mtu lilikuwa "pumua." Baada ya hapo vilikuja vibanio vya kuanikia nguo. Mbele kamera iliona kiuno kilichonyooka. Nyuma, vibanio kumi na viwili vimepangwa kwenye uti wa mgongo wa binti wa watu, na Fundi amechuchumaa hapo, pini mdomoni, akimwomba asicheke. Waliompenda walimwita Vibanio. Wasiompenda nao walimwita hivyo hivyo, basi hakupata taabu ya kuwatofautisha.

Kuchuchumaa kwenyewe kulikuwa shughuli, maana Fundi alikuwa na tumbo. Si kitambi cha kubahatisha. Tumbo lenye msimamo wake, lililotangulia mlangoni na kusalimia wenyeji kabla mwenyewe hajafika. Tangu utotoni aligundua kwamba watu watacheka tu, basi bora acheke yeye kwanza. Akitaka kukaa, alikiomba kiti radhi kwa sauti. Akifika kwenye ngazi, aliwaambia wenzake watangulie, abiria kwanza, mizigo baadaye. Mama watoto alikuwa amezichoka hadithi hizo, lakini binti yao wa mwisho, waliyemwita Kitinda, alizijua zote kwa moyo. Kitinda alikuwa na miaka kumi na saba, na mwili aliuchukua kwa baba bila kupunguza hata inchi. Fundi alilitania hilo pia. Alisema mtoto huyu hana haja ya cheti cha kuzaliwa.

Mwaka ule wateja walianza kulalamika kwamba kwenye matangazo hawajioni. Mmoja alituma picha yake akiwa ndani ya gauni la kampuni, chini ameandika: hii ndiyo nguo yenu ikiwa na mtu ndani. Bosi, mama mmoja wa miwani asiyependa maneno mengi, aliibandika ukutani wiki nzima akiitazama, kisha akaamuru kwamba tangazo linalofuata lioneshe watu wa maumbo yote. Agizo zuri. Tatizo ni kwamba chumba cha juu hakikuwa kimewahi kupiga picha ya umbo jingine isipokuwa lile lile moja. La Fundi lilikuwepo siku zote, ila halikuhesabiwa, kwa sababu lilikaa nyuma.

Basi wakafanya vichekesho. Walimchukua mwanamitindo wao mwembamba, wakamfunga sponji ya godoro tumboni, wakamvika shati la bluu. Sponji ikahamia mgongoni. Fundi, aliyekuwa amepiga magoti akijaribu kulirudisha tumbo la watu mahali pake, alilalamika kwa mdomo uliojaa pini kwamba yeye lake alililea miaka thelathini, na hawa wanataka lao kwa dakika tano. Mpiga picha akashusha kamera. Akamtazama mwanamitindo, akamtazama Fundi.

"Hivi tunatengeneza tumbo la nini," akauliza, "na lililo tayari tunalo hapa?"

Lile shati, hata hivyo, ndilo lililokuwa saizi kubwa kuliko zote zilizoshonwa kwenye karakana ya chini, na halikumfunga Fundi hata kifungo kimoja. Wote wakamgeukia yeye, maana nguo isiyokaa ilikuwa kazi yake. Akafanya alichokijua. Alilitandaza shati mezani, akashika mkasi, akalipasua mgongoni kuanzia kola mpaka upindo, akalivaa kwa mbele kama aproni, na mwanamitindo wa sponji akamshikiza kingo kwa pini na utepe wa gundi. Pengo la mgongoni alikuwa amelikadiria kwa vipimo vyake mwenyewe, vilivyoandikwa kwenye daftari lake la kazi. Lilizidi kwa vidole vinne. Akailaumu futi. Alisema mbele yeye ni bwana harusi na nyuma ni mgonjwa anayepelekwa kupasuliwa, na chumba kizima kikashika mbavu.

Bango likatundikwa njia panda, juu ya duka la kampuni, kimo cha ghorofa mbili. Fundi anacheka, mkono kwenye tumbo, na chini yake maneno makubwa: KILA MWILI UNA NGUO YAKE. Alianza kwenda kazini kwa njia ya kuzunguka ili apite pale. Aliwaambia majirani kwamba walitaka bango la kawaida, ila ikabidi wakodi na ukuta wa jengo la pili. Muuza magazeti alimsimamisha ampe mkono. Mama watoto alimfuma mbele ya kioo akijitazama kwa upande, naye akajitetea kwamba kichwa kimevimba ili kilingane na viungo vingine.

Aliyefurahi kuliko wote ni Kitinda, ila yeye hakufanya mzaha. Siku ya kwanza alisimama chini ya bango muda mrefu, na sare yake ya shule, kisha jioni akamuuliza baba yake kama kweli kampuni sasa inashona nguo za watu kama wao. Mahafali yake ya shule yalikuwa yanakaribia, na kwa miezi miwili alikuwa akisema hatakwenda. Akikosekana yeye, alisema, shule itaokoa viti viwili. Sasa alitaka kwenda. Alitaka gauni la kitambaa kile kile cha bluu, lililoning'inia kwenye dirisha la duka chini ya kicheko cha baba yake. Fundi alijua saizi zilipoishia. Angeweza kumwambia hapo hapo. Alichosema ni kwamba duka ni kubwa, mwanangu, nenda kaangalie. Ni vigumu kushuka kutoka ghorofa ya pili mbele ya mtoto anayekutazama vile, basi akajitia hamnazo.

Jumamosi mchana Kitinda alirudi mikono mitupu, akawakuta wazazi wake na shangazi yake sebuleni, akawasimulia. Alisimulia vizuri sana. Gauni kubwa kuliko yote lilimpita kichwani, likafika mabegani, likagoma. Likawa halivaliki wala halivuliki, naye ndani yake mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Wauzaji wawili wakaingia kulivuta, huyu huku na huyu kule, mpaka zipu ikaaga dunia.

"Nikamwambia yule dada, samahani, nimeliingia gauni lenu bila kuliomba ruhusa," alisema, akajipiga tumbo kofi dogo, akanyamaza kidogo, akasubiri.

Shangazi alicheka mpaka akatoa machozi. Fundi naye alicheka, tena wa kwanza, kwa mazoea.

Kisha akasita. Kule kunyamaza kidogo kulikuwa kwake. Kofi lile la tumboni lilikuwa lake, na ile samahani ya gauni ilitoka moja kwa moja kwenye samahani yake ya viti. Mwili alikuwa amemrithisha, sawa, hilo halikuwa hiari yake. Lakini kazi ya kuuombea radhi alimfundisha mwenyewe, kila siku, mezani, na mwanafunzi sasa amemshinda mwalimu. Kitinda alikuwa bado anaendelea, bado anatabasamu. Wauzaji aliwauliza na shati la baba yake, wakamjibu saizi hiyo haipo, naye akawaambia labda hata baba mwenyewe hayupo. Halafu akainuka, akakusanya vikombe mezani, akaenda jikoni kuviosha. Vilikuwa safi.

Fundi aliingia chumbani, akatoka na mfuko aliokuwa ameuficha nyuma ya sanduku, akamfuata. Hakuwa na mzaha. Au tuseme mmoja ulimjia, akaumeza. Alilitoa shati la bluu, akalishika kwenye mabega, akaligeuza. Mgongo ukafunguka kutoka juu mpaka chini, utepe wa gundi ukining'inia.

Kitinda alilitazama. "Halikukutosha?"

"Halikufunga hata kifungo. Nimelipasua mimi, kwa mkono wangu. Na gauni nilijua halipo, nikakuacha uende."

"Kwa nini, baba?"

"Nilipenda ulivyokuwa unaniangalia pale juu."

Kitinda alikausha mikono, akapitisha kidole kwenye ukingo wa pasuo, polepole, mpaka chini.

"Umelipasua vizuri," akasema, na nusura wacheke, lakini hawakucheka.

Jumatatu Bosi alimwita kumwambia kwamba tangazo limependwa, na sasa wanataka picha ya pili, ya suruali. Fundi alisema atasimama mbele ya kamera siku ambayo suruali itakuwa na nyuma yake. Akasimulia na habari za gauni, kwa ufupi, bila kutia chumvi. Alijua kwamba pale watu walikuwa wamemwaga unga kwa maneno madogo kuliko hayo. Bosi alivua miwani. Alisema karatasi za kukatia saizi hizo hazipo, hazijawahi kuchorwa. Fundi akajibu kwamba atazichora yeye, na vipimo vya kuanzia anavyo nyumbani. Bosi akamwambia ashone gauni moja alione, kuhusu mengine hawezi kuahidi. Fundi alishuka stoo kuchukua kitambaa cha bluu kabla Bosi hajabadili mawazo. Mahafali yalikuwa yamebaki siku tisa.

Alasiri ile Kitinda alisimama katikati ya sebule, mikono imeinuliwa, na Fundi akamzungushia futi kiunoni. Mara futi ikalegea. Mtoto alikuwa amevuta tumbo ndani na kubana pumzi, macho ameyapeleka dirishani. Fundi alikumbuka vile vidole vinne. Futi haikuwa na kosa lolote. Vipimo vya kwenye daftari vilikuwa vya mtu aliyebana pumzi, na mtu huyo alikuwa Fundi mwenyewe, siku aliyojipima peke yake, mlango ameufunga, hakuna hata wa kumtazama.

"Pumua," akasema.

"Nikipumua itaongezeka."

"Iongezeke. Kitambaa kipo."

Kitinda akapumua. Futi ikatembea mkononi mwa Fundi, ikatulia, naye akaisoma namba kwa sauti yake ya kazini, kama anavyoisoma ya mtu yeyote, akaiandika kwenye daftari la kazi. Kisha binti yake akamnyang'anya futi, akamwambia na yeye ainue mikono. Fundi alifungua mdomo kusema kwamba futi moja haitatosha, waazime na ya jirani. Kitinda alikuwa amesimama tu, anamsubiri. Akaufunga mdomo, akapumua, tumbo likashuka mpaka lilipotaka kufika. Kitinda aliisoma namba, hakucheka, akaikata ile ya zamani daftarini akaandika hii.