Mito Minane na Mizani ya Kabichi

Muuza mitumba alikwisha kata tamaa naye. Tangu asubuhi mama huyu alikuwa amepiga magoti mbele ya turubai lake, katikati ya gulio la Lushoto, anapuliza mito ya hewa mmoja baada ya mwingine. Akishaujaza anaukalia. Anaubana kwapani. Anautumbukiza kwenye ndoo ya maji aliyokuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani, anangoja kuona kama kuna povu, kisha anautupa pembeni na kusonya.

"Mama, unanunua mto au unanunua shamba?" akauliza yule muuzaji.

"Nanunua shingo," alijibu Elinuru, akachukua mwingine.

Hakuwa anatania. Elinuru ni mzaliwa wa Lukozi, ana miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza akiwabebea wageni mizigo kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae, siku tatu kwenda, na ngata ya kanga utosini. Wageni hutembea na chupa ya maji na kamera. Hema, masufuria, magodoro na vyakula huenda juu ya vichwa vya watu, na kwa muda mrefu mito nayo ilienda hivyo hivyo: mito minane ya sponji, imesokomezwa kwenye kiroba kikubwa kupita aliyekibeba, na mvua ikiinyeshea inakunywa maji yote ya mlima. Elinuru aliichukia mito ile kama mtu anavyomchukia jirani mwizi.

Miezi miwili nyuma vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, gumba na cha shahada, vilianza kufa ganzi. Akishika kikombe, kinaanguka. Akajikongoja hospitali, daktari akampapasa shingo na kumwambia bila kuzunguka: mshipa umebanwa, mzigo usizidi kilo kumi na tano, ukiendelea kubeba zaidi huo mkono utabaki wa kuning'inia tu. Elinuru aliondoka pale akiwa na hasira hata na daktari, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mjane asiye na mkono atalima nini, na atambebea nani?

Ndipo akaenda kwa Alphonce, mwenye ofisi ya matembezi. Huyu Alphonce ni mtoto wa Lukozi vilevile, nyumba ya tatu kutoka kwao. Elinuru alimbeba mgongoni kumpeleka kliniki alipougua surua, mama yake akiwa amejifungua juzi yake. Mpaka alipomaliza shule kijana alikuwa akimwona tu, anainama: shikamoo, mama. Baada ya kufungua ofisi na kununua meza ya kioo, shikamoo ikapotelea humo humo. Siku hizi anasema, "Mambo vipi, mama." Mambo vipi! Kwa mwanamke aliyemfuta makamasi.

"Ipo siku hizi mito ya kupuliza," Elinuru alimwambia, amesimama mbele ya hiyo meza. "Ukiikunja inaingia mfukoni. Ile ya sponji yote pamoja ni kilo nne, hii haifiki moja. Mzigo wangu ni kilo kumi na nane. Ukitoa hizo tatu, nafika pale alipotaka daktari."

"Umejuaje kama ni kumi na nane?"

"Nimekwenda kuupima kwa mwenye duka la mahindi. Hata ofisi ingekuwa na mizani ingekuwa vizuri."

Alphonce alicheka. "Mizani ni ya kabichi, mama. Sisi tunahudumia wageni." Kisha, labda kwa kuwa aliuona uso wake, akaongeza: "Lakini wazo lako zuri. Nenda kachague mwenyewe, wewe ndiye unayejua. Chagua myepesi kabisa. Kilo zitakazopungua ni zako."

Ni zako. Elinuru aliyashika maneno hayo mawili akatoka nayo.

Basi ndiyo maana alikuwa pale kwenye mitumba, akipuliza mpaka kichwa kinauma. Alikuwa anajua kuchagua mto kuliko wote waliowahi kuulalia. Mto wa plastiki mtupu haufai: unalia kila mtu anapogeuza kichwa, na asubuhi shavu limegandana nao kwa jasho. Mto uliojazwa mpaka ukakakamaa haufai, kichwa kinateleza na shingo inakesha kazini, kwa hiyo hupulizwa robo tatu basi. Mdomo wa kupulizia uwe mpana, wenye kizibo cha kusukuma ndani kwa kidole, maana ile myembamba huachia pumzi usiku. Na uwe na kamba ya kuufunga kwenye godoro, kwani mahema husimamishwa mahali pa mteremko, na huko kwetu mteremko ndiyo ardhi yenyewe.

Kati ya rundo lile alikuta mmoja ambao ulimfanya aache kusonya. Ulikuwa na kitambaa laini juu na bonde katikati, mahali kichwa kinapotulia chenyewe. Akaulaza begani akainamisha shingo yake juu yake, pale pale mbele za watu. Kwa muda mfupi maumivu yalikaa kimya. Kisha akaupima mkononi. Ulikuwa mzito kuliko wenzake, karibu mara mbili. Aliurudisha kwenye turubai, kwa sababu ametumwa kuchagua myepesi.

Alichukua kumi ili achague minane. Aliilaza nje usiku kucha, nyumbani kwake, kwenye baridi ya mlima, kila mmoja juu yake jiwe. Kulipokucha yote minane na miwili ilikuwa imelegea. Wengi wakifika hapo huitupa wakidhani imetoboka, na Elinuru mwenyewe mwaka mmoja aliwahi kuona muongoza wageni akizitupa korongoni mali nzima nzima za watu. Yeye aliianika juani. Minane ikajaa tena, kwa sababu hewa yake ilikuwa humo humo, imenywea kwa baridi tu. Miwili ikabaki vilevile, hiyo ndiyo iliyokuwa na tundu ambalo hata ndoo haikulionyesha. Akaikunja ile minane, akaitia kwenye mfuko wa kitambaa. Ilitosha kwenye mikono miwili. Siku hiyo Elinuru aliimba akiosha vyombo.

Siku ya safari alifika ofisini mapema. Beatha, mpagazi mwenzake, alikwisha fika, amekaa juu ya mzigo wake akifunga ngata. Elinuru alikuta begi lake limefungwa tayari. Akaliinua kwa mkono wa kulia, na lile begi halikuinuka.

Alilifungua. Chini ya mfuko mdogo wa mito palikuwa na viti vya kukunja, vinne, vya vyuma, na kijimeza chao.

"Alphonce! Hivi ni nini?"

"Viti, mama. Umetupatia nafasi nzuri sana kwa ile mito. Vinne kwako, vinne kwa Beatha. Wageni watakaa wakitazama bonde."

"Ulisema kilo ni zangu."

"Aa, mama, viti ni vyepesi hivi." Akaja, akaliinua begi kwa mkono mmoja, kijana wa miaka thelathini aliyekunywa chai na chapati, akalishikilia kwa muda wa kupiga chafya, akalitua. "Umeona? Shingo zenu nyinyi zimezaliwa na mizigo. Hili hata hutalisikia."

Hivyo ndivyo wanavyopima. Mwanamume ananyanyua mara moja, anatua, anasema mwepesi, halafu mwanamke anaubeba siku tatu. Elinuru alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Maneno yalimjaa mdomoni, lakini wageni wanane walikuwa wamesimama pale wakitabasamu, na Silvano, muongoza wageni, alikwisha anza kutembea. Beatha akamsaidia kujitwika. Akajitwika. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote, kwamba alijitwika.

Mlima wote ule alitembea na hasira. Kila jiwe lilikuwa Alphonce. Kwenye msitu wa Magamba mkono wa kushoto ulianza kuwasha, kisha ukanyamaza, na Elinuru alijua kunyamaza ndiko kubaya. Alimkumbuka baba yake, mkulima wa viazi, alivyokuwa akisimama kando ya barabara ya Lukozi huku dalali akijaza gunia. Gunia likijaa, dalali anashindilia kwa mguu, anaongeza, anashonea juu yake kilemba kizima cha viazi, na bado anasema hilo ni gunia moja. Lumbesa. Baba alizeeka akinunuliwa jasho lake kwa lumbesa, na wanawe wakajifunza kulichukia neno hilo kabla hawajajifunza kusoma.

Walifika Lukozi mchana. Kwenye kituo cha kukusanyia mboga wakulima walikuwa wengi, kabichi zimepangwa mpaka barabarani, na katikati ya banda ilikuwa inaning'inia ile mizani waliyoipigania miaka mingi. Alphonce alikuwa amekwisha tangulia kwa pikipiki kuwaletea wageni chakula, anacheka nao kivulini.

Elinuru hakwenda kivulini. Alikwenda moja kwa moja bandani, akatua mzigo, akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe, kwamba anaomba kupimiwa. Wazee wawili wakasogeza kabichi zao. Wakalining'iniza begi. Mshale ukacheza, ukasimama.

"Ishirini na moja!" akasoma mzee mmoja.

"Ofisi inasema hili ni begi moja la kawaida," Elinuru akawaambia. "Nilichagua mito myepesi ili lipungue. Waliponiona nimepunguza, wakajazia viti juu."

Mtu akapiga kelele kutoka nyuma ya banda: "Hiyo lumbesa!" Na wote wakaipokea, lumbesa, lumbesa, wanawake wakipiga vigelegele vya hasira, mpaka wageni wakaja kutazama. Silvano akalazimika kuwatafsiria. Mgeni mmoja, mama mwenye mvi, alikunja uso akauliza jambo. Silvano akamgeukia Alphonce bila kumtazama machoni.

"Anauliza ni nani aliyeomba viti. Anasema wao hukaa chini."

Hawakuviomba. Elinuru aliposikia hivyo, ile hasira aliyoibeba tangu asubuhi ilipata miguu.

"Alphonce, njoo hapa," alisema. Na Alphonce akaja, mbele ya wazee wa kijiji chake. "Baba yako, mzee Stephano, alisimama hapa hapa uliposimama. Nilimwona kwa macho yangu akilia juu ya viazi vyake, mwanamume mzima. Leo dalali ni wewe. Na gunia ni mimi. Nilikubeba bila mizani ulipokuwa unaumwa, sikukuhesabia. Sasa nakuhesabia."

Alphonce alitazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toa viti vyako."

Akavitoa mwenyewe, kimoja kimoja, na kijimeza, na vinne vya Beatha pia, wazee wakimsomea mizani kila anapotoa. Begi la Elinuru liliposoma kumi na tano, alinyoosha mkono. Inatosha. Viti vilifungwa kwenye pikipiki ya mwenyewe, na wakulima wakamsindikiza kwa kicheko mpaka kwenye kona. Kuanzia hapo Elinuru alitembea siku iliyofuata yote akiwa mwepesi, hasira imemtoka kwa jasho, na Beatha nyuma yake anairudia hadithi nzima tangu mwanzo kama vile hakuwepo.

Walifika Mtae siku ya tatu, jua likiwa bado juu ya tambarare za chini. Mahema yakasimamishwa. Elinuru akakaa kwenye majani, akaikunjua mito minane mbele yake, akaupuliza wa kwanza mpaka robo tatu. Akakisukuma kizibo kwa gumba la kushoto.

Gumba halikusikia chochote. Kizibo kikateleza, pumzi ikatoka yote. Akaupuliza tena, akatazama kidole chake kwa macho ili akiongoze, kikafika, kikabonyeza pembeni. Ikatoka tena. Safari ya tatu akakisukuma ndani kwa meno. Wa pili vilevile, kwa meno. Beatha alikuwa ameacha kuchambua mchele, anamtazama.

"Dada, si mzigo umepungua?"

"Umepungua."

"Sasa mbona mkono..."

"Mzigo umepungua juzi, Beatha. Mkono umebeba miaka kumi na tisa." Alisema hivyo akitazama wageni, ambao walikuwa wamekaa chini kwenye majani, wametulia kabisa, wakitazama bonde. "Na miaka yote hiyo mizani ilikuwa ya kabichi."

Beatha akaacha sinia la mchele, akaja kukaa karibu naye. Hasira ilikuwa imemrudia Elinuru yote, na hapakuwa na pa kuipeleka ila mdomoni. Akauchukua mto wa tatu, akaupuliza kwa nguvu, akamwelekezea mwenzake mdomo wa kupulizia.

"Ziba," alisema.